Kizimba si Mlezi: Kilebu Anapoachwa Nyumbani Migori na Homa Bay

Katika kaunti za Migori na Homa Bay neno kizimba lina kazi nyingi: ni banda la kuku, ni pale anaposimama mshtakiwa mahakamani, na katika Ziwa Victoria ni wavu uliofungwa kwenye fremu inayoelea ambamo samaki aina ya ngege hufugwa hadi wafikie uzito wa kuuzwa. Maana nyingine ya neno hilo, iliyoingia pamoja na mbwa wa kununuliwa na ushauri wa ufugaji unaotoka ng'ambo, ni sanduku la waya, mbao au plastiki ambamo kilebu, yaani mtoto wa mbwa, huzoeshwa kulala, kutulia na kungoja. Wanaokipendekeza kizimba cha aina hii hukiita shule, wanaokipinga hukiita jela, na pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, kwa kuwa kinachoamua kipi ni kipi kiko nje ya sanduku lenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba kizimba hufundisha pale tu ambapo kuna mtu karibu wa kukifungua kwa wakati, na kwamba mwenye mbwa anapoondoka kwa saa nyingi bila kuacha mtu, kizimba humzuia kilebu tu, huku kikimfunza mambo ambayo hakuna aliyekusudia ayajue.

Msingi wa mazoea ya kizimba ni tabia ambayo kilebu huanza kuionyesha kabla hajatengwa na mama yake. Katika majuma mawili ya kwanza mama humlamba ili apate haja na humsafisha papo hapo. Yakitimia majuma matatu hivi, kilebu huanza kujikokota kutoka mahali anapolala na kwenda haja kando, na tangu hapo mbwa aliyelelewa mahali safi huepuka kuchafua malazi yake maadamu ana uwezo wa kujizuia. Kizimba kinachomtosha kusimama, kugeuka na kujinyosha, bila kona ya ziada ya kufanyia haja, huitumia tabia hiyo kumfunza kungoja mpaka atolewe nje. Sharti la uwezo ndilo linalosahaulika, kwa sababu uwezo huo hutegemea kibofu, na kibofu hukua polepole. Wafugaji hutumia kadirio kwamba kilebu huweza kujizuia kwa saa zinazolingana na miezi ya umri wake pamoja na saa moja, hivyo wa miezi miwili hapiti saa tatu, na hata kadirio hilo ni kikomo cha juu ambacho hakifai kugeuzwa kuwa ratiba ya kila siku. Anayefungiwa kupita kikomo hicho hulazimika kulala juu ya uchafu wake, na akishazoea kufanya hivyo, ile tabia ambayo mafunzo yote yaliitegemea huwa imevunjwa, na kuirudisha ni kazi kubwa kuliko ilivyokuwa kuijenga.

Msingi wa pili ni kujifunza kwa kuhusisha, maana yake mnyama kuunganisha jambo moja na jingine linalolifuata mpaka la kwanza liwe ishara ya la pili. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupewa ishara fulani kabla ya kulishwa hatimaye hudondokwa na mate kwa ishara hiyo peke yake. Nyumbani Oyugis au Awendo ishara huwa za aina nyingine: viatu vinavyotolewa chini ya kiti, funguo zinazolia, kufuli la mlango wa mbele na pikipiki ya boda boda inayonguruma langoni. Ikiwa mlango wa kizimba hufungwa wakati huohuo tu ambapo pikipiki inaondoka, kilebu hahitaji siku nyingi kukiunganisha kizimba na kuachwa, na badala ya kukiona kuwa malazi huanza kukikimbia mara tu anapoona viatu. Hapo ndipo huzaliwa hali iitwayo wasiwasi wa kuachwa, ambayo ni hofu kali inayompata mbwa akiwa peke yake na ambayo hujitokeza kwa kulia bila kikomo, kutokwa na mate mengi, kuhema na kutafuna waya mpaka fizi zitoke damu. Majirani huuita ukaidi, ingawa mnyama mwenyewe hana analolikaidi.

Mafunzo yenyewe, yakifanywa kwa mpango, hayahitaji fedha wala vifaa vya kuagizwa. Fundi wa mbao huweza kuunda kizimba cha masalio ya mbao na waya, chenye ukubwa wa mbwa atakapokomaa na kizuio cha kusogezwa ndani, ili nafasi iongezwe kadiri anavyokua. Tunzo, yaani kitu kidogo anachopewa mnyama mara tu anapotenda linalotakiwa, iko tayari kando ya ziwa: omena mkavu, yaani dagaa wa ziwani, aliyeoshwa mchanga na kuvunjwa vipande, hushinda biskuti yoyote ya dukani kwa harufu na kwa bei. Kwa siku za kwanza mlango huachwa wazi na omena huwekwa ndani, ili kilebu aingie na kutoka kwa hiari yake. Baadaye hulishwa humo, na mlango hufungwa kwa muda ule tu anaokula. Kisha hufungwa kwa dakika mbili, tano, kumi, huku mwenye mbwa akiwa chumbani, halafu akiwa chumba cha pili, halafu akiwa nje ya nyumba na kurudi kabla kilio hakijaanza. Siri ya hatua hizi ni kwamba kutokuwapo kwa mwenye mbwa hufundishwa na mwenye mbwa mwenyewe akiwa hatua chache tu kutoka mlangoni, kwa vipande vidogo ambavyo kilebu huvimudu, na kila kipande kinachomshinda humrudisha nyuma ya pale alipokuwa.

Ugumu huanza mafunzo haya yanapolinganishwa na saa za kazi za watu wa kaunti hizi mbili. Mvuvi wa omena wa Mbita au Muhuru Bay hutoka jioni, kwa kuwa omena huvuliwa usiku kwa taa, hasa nyakati ambazo mbalamwezi haiangazi, na hurudi alfajiri akiwa na shehena ya kuanikwa kabla ya kulala. Mwalimu wa shule ya kutwa, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Awendo, mchimbaji wa dhahabu wa Macalder na mfanyabiashara anayepanda matatu kwenda soko la Isebania, kila mmoja hukaa nje ya nyumba yake kwa saa nane, kumi au zaidi. Saa nane zikitolewa kwenye saa tatu za kibofu cha kilebu wa miezi miwili hubaki upungufu wa saa tano, na hesabu hiyo hairekebishwi na ubora wa kizimba, blanketi laini wala sauti ya redio iliyoachwa ikizungumza. Hakuna mbinu ya kumzoesha kilebu kufungiwa kutwa nzima peke yake, na anayedai kuwa nayo huwa anaeleza tu jinsi mnyama alivyokata tamaa ya kulia.

Hapa inafaa kutazama kizimba kilikotoka. Huko Marekani, ambako matumizi yake yameenea sana, kizimba kilienda sambamba na maisha ya nyumba yenye zulia, iliyofungwa madirisha, ya mtu mmoja au wawili wanaoshinda kazini. Lakini sambamba nacho walikuwepo pia watu wanaolipwa kuja adhuhuri kumtoa mbwa, kumtembeza na kumrudisha. Nchini Uswidi kanuni za ustawi wa wanyama zimechagua njia nyingine, kwa kuwa haziruhusu mbwa kufungiwa nyumbani katika kizimba kidogo kana kwamba ndipo makao yake, na hukiachia kizimba cha namna hiyo shughuli maalumu kama usafiri na maonyesho. Nchi hizo mbili zinatofautiana kuhusu chombo lakini zote zimelazimika kulijibu swali la nani atakuja mchana, na ushauri wa kizimba ulipovuka bahari kufika kaunti hizi, chombo kilifika na yule mtu wa adhuhuri akabaki nyuma. Kinachoshangaza ni kwamba mtu huyo ndiye asiyekuwa adimu hapa, kwa sababu katika maboma mengi ya Migori na Homa Bay yupo bibi, shemeji, kijana aliyemaliza shule au jirani ambaye ua wake umepakana na ua wa mwenye mbwa, na kumkabidhi ufunguo ni rahisi kuliko kununua waya.

Mazingira nayo yana hatari ambazo vitabu vya nchi za baridi havizitaji. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, bali hupunguza joto kwa kuhema, na kuhema hakusaidii sana pale hewa inayovutwa inapokuwa ya moto. Chumba cha mabati kilichofungwa mchana wa jua kali kando ya ziwa hupata joto la kuweza kumuua kilebu aliyefungiwa ndani, wakati mbwa aliye huru angekwenda kulala kwenye vumbi baridi chini ya mti. Siafu, ambao hutembea kwa misafara hasa majira ya mvua, ni hatari nyingine inayojulikana na kila mama aliyewahi kukuta vifaranga wake mifupa mitupu asubuhi: mnyama aliyefunguliwa huwakimbia, aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Kwa hiyo kizimba cha kaunti hizi, hata kinapotumika kwa muda mfupi, kinapaswa kuwekwa kivulini penye upepo, kiinuliwe juu ya miguu, majivu yamwagwe kukizunguka, na bakuli la maji lifungwe lisipinduke. Hata hivyo majivu hupeperuka na maji huisha, na tahadhari zote hizi hutegemea jicho la mtu anayepita kutazama.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kumfungia mbwa ni jambo lililoletwa na ushauri wa kigeni peke yake, kwa maana ipo desturi nyingine ya kufungia ambayo imeenea katika miji ya Kenya na ambayo ina madhara makubwa zaidi. Kwenye malango mengi husomwa kibao chenye maneno mawili, Mbwa Kali, na nyuma ya lango hilo mara nyingi pana kibanda chenye giza ambamo mbwa hufungiwa tangu asubuhi na kutolewa usiku, kwa imani kwamba asiyeona watu mchana atawachukia usiku. John Paul Scott na John Fuller, watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo ya kazi yao ya miaka mingi mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya takriban juma la tatu na la kumi na mbili la maisha yake kilebu hupitia kipindi cha kuzoeana, yaani wakati ambapo akili yake hupokea watu, wanyama na sauti mpya kama mambo ya kawaida, na kwamba anayekosa kukutana na watu katika kipindi hicho hubaki akiwaogopa. Mbwa wa kibandani anayebweka kwa ghadhabu huwa, mara nyingi, anaogopa, na mwoga hana uwezo wa kumbagua mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Udongo uwahi uli maji, walisema wahenga, na majuma hayo tisa ndiyo maji yenyewe. Kuyatumia gizani ni kukausha udongo kabla haujafinyangwa.

Kinyume cha kibanda ni uhuru kamili, ambao ndio utaratibu wa kale wa vijijini. Mbwa wa boma la Kiluo, anayeitwa guok kwa Kidholuo, hakuwa na mlango wa kufungiwa. Alilala chini ya dero, ghala la nafaka lililoinuliwa kutoka ardhini, akafuatana na wachunga ng'ombe mchana, akala mabaki ya ugali na vichwa vya samaki, na akajifunza watu wa boma kwa kuishi katikati yao. Utaratibu huo ulimpa mbwa malezi mema bila mtu yeyote kuyaita malezi, na wanaoutetea wana haki ya kusema kwamba hakuna guok aliyewahi kutafuna waya kwa upweke. Lakini maboma yamegawanywa yakawa viwanja, barabara kuu ya A1 inayopita Rongo, Awendo na Migori hadi mpakani Isebania inabeba malori usiku na mchana, na mbwa mmoja anayezurura sokoni hukutana na wengine wasiojulikana wametoka wapi wala kama wamechanjwa.

Hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi ya kuzurura ni kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaokaa katika mate na kushambulia ubongo, ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu karibu kila mara huishia kifo. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi, na zaidi ya karne moja baadaye bado unaua. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 ulimwenguni kila mwaka, husema kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa, na kwamba takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kenya ilijiwekea mkakati wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo hivyo, ambao nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kiwango kinachotosha kuukatia ugonjwa njia. Kilebu huchanjwa akitimiza miezi mitatu, kwa hiyo kabla ya hapo hana kinga, na mahali pake ni nyumbani. Swali linalobaki ni nyumbani kwa namna gani.

Jibu linalopendekezwa hapa ni ua mdogo, yaani sehemu ya kiwanja iliyozungushiwa wigo wa fito, waya au mabati, yenye kivuli, maji, udongo wa kufanyia haja upande mmoja na kizimba kilichoachwa mlango wazi upande wa pili. Ndani ya ua huo kilebu hulala kizimbani akitaka, hutoka akibanwa, huwaona wapita njia na kuzoea sauti ya pikipiki, na mtu aliyeachiwa jukumu huja kumlisha na kucheza naye mara tatu au nne kwa siku. Wazo la kuzungushia halipaswi kuwa geni katika nchi ambamo pana Thimlich Ohinga, makao ya kale ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, yaliyoko Kaunti ya Migori na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake, ambazo kwingine hupita urefu wa mita nne, ziliwazunguka watu pamoja na mifugo yao, na mazizi ya wanyama yalikuwa ndani ya ukuta uleule ulioyalinda makao. Waliojenga pale walizungushia ili wanyama wakae karibu na macho ya watu, jambo ambalo kibanda cha giza nyuma ya nyumba na kizimba kilichofungwa ndani ya nyumba tupu vyote viwili vimelisahau.

Jambo hili pia si la mwenye mbwa peke yake, kwani Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, huzikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na hutaja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa pamoja na mahali pa kuwahifadhi na kuwatunza wanyama. Zipo pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo hufanya kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima kuwa kosa, na ni vigumu kuona jinsi kutwa nzima ya kiu ndani ya waya ingeepuka maelezo hayo. Leseni ya mbwa ikitolewa Homa Bay au Migori kama risiti ya ada tu, haitamsaidia mtu. Ikitolewa siku ya chanjo, na afisa wa mifugo akatumia dakika chache kumweleza mwenye kilebu kuhusu ua, kivuli, maji na mtu wa adhuhuri, itakuwa imefanya kazi mbili kwa safari moja. Wanaosema kwamba kaunti zina wagonjwa na barabara za kushughulikia kabla ya mbwa wanasahau kwamba aliyeumwa na mbwa asiyechanjwa ni mgonjwa pia, na dawa zake hugharimu mara nyingi zaidi ya chanjo ya mbwa aliyemuuma.

Kwa anayeishi peke yake na asiye na wa kumwachia, bado ipo njia, nayo ni kuchagua majira. Uvuvi wa omena katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai ili samaki wazaliane, na miezi hiyo minne, ambayo mvuvi huihesabu kuwa ya njaa, ndiyo pekee anayolala nyumbani mfululizo. Kilebu wa miezi miwili anayechukuliwa Aprili huwa amefikisha takriban miezi sita taa zinaporudi majini, kibofu chake kimekomaa na dakika zake za upweke zimekwisha kunyooshwa kuwa saa. Mwalimu naye ana likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, ambayo ni fupi kuliko majira ya mvuvi lakini hutosha kumvusha kilebu katika majuma magumu ya mwanzo, alimradi apate mtu wa kuja mchana shule zinapofunguliwa. Mfanyabiashara wa Isebania, ambaye soko lake halina likizo, atalazimika kuanza na mtu kabla ya mbwa. Kwa wote watatu utaratibu ni uleule: kabla ya kilebu kubebwa kwenye kikapu, jina la atakayefungua mlango saa sita mchana liwe limekwisha kujulikana, na kama halijulikani, kilebu aendelee kukaa na mama yake au apewe mwingine mwenye nafasi.